Nusu ya Wema

Msomaji mpenzi, nataka tufikiri pamoja juu ya swali ambalo huonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu. Mtu aliyezoea kuiba mbuzi kumi akiiba sita, je, amekuwa mwema? Wengi watacheka na kusema kuwa mwizi ni mwizi tu. Hebu tulitoe swali hili zizini, tulipeleke baharini, tuone kama kicheko kitadumu.

Katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Norwei na Uingereza, yamesimama majukwaa makubwa ya kuchimbia mafuta na gesi. Meli za kazi huyapelekea mabomba, saruji, maji na chakula. Meli ikifika karibu na jukwaa, mara nyingi haitii nanga wala haifungwi kamba. Kompyuta huziamuru rafadha zake zishindane na upepo na mawimbi, ili isimame mahali pamoja kwa saa nyingi. Nguvu zikikatika ghafula, meli yaweza kuligonga jukwaa na kuua watu. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, manahodha waliwasha injini zaidi ya zilizohitajika, zikanguruma bila mzigo wa maana, ziwe akiba ya saa ya hatari. Na injini ya dizeli isiyo na mzigo wa kutosha huunguza mafuta vibaya. Kila lita iliyoungua huacha angani kilo 2.6 hivi za hewa ya ukaa.

Tuwalaumu manahodha hao? La. Walichoma mafuta ili kulinda roho za watu, na roho haina bei. Lakini mwaka 2013 meli moja ya Norwei, iitwayo Viking Lady, ilitiwa betri kubwa. Injini ikifa, betri hutoa nguvu papo hapo. Basi injini ya akiba yaweza kuzimwa bila kuhatarisha mtu. Meli nyingine zikafuata. Hapa pana fundisho: ujuzi unapoingia, udhuru hutoka. Upotevu uliokuwa lazima jana, leo ni uzembe.

Lakini mpinzani atasimama aulize, "Meli hiyo imebeba nini?" Imebeba vifaa vya kuchimbia mafuta ambayo kesho yatachomwa katika nchi nyingine, na moshi wake utaushinda mbali ule uliookolewa na betri. Je, huyu si mwizi wa mbuzi sita, atakaye kusifiwa kwa wanne aliowaacha?

Hoja hii ni nzito, wala siidharau. Nina majibu mawili. Kwanza, wajibu wa mtu hupimwa kwa uwezo wake. Nahodha hawezi kufunga visima vya mafuta. Aweza kuzima injini isiyo na kazi. Akiacha dogo aliloliweza kwa sababu kubwa limemshinda, atabaki hana dogo wala kubwa. Mwaka 2018 meli za dunia nzima zilitoa karibu asilimia 3 ya hewa chafu iletwayo na wanadamu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha ubaya hujazwa vivyo hivyo.

Pili, kupunguza ubaya ni wema ikiwa ni hatua, na ni hila ikiwa ni kituo. Mtazame mtu baada ya kupunguza. Akisema, "Sasa nitafute njia ya kuacha kabisa," amekwisha kugeuka. Akisema, "Sasa nilale," amejinunulia blanketi la kufunikia aibu. Mwaka 2023 mataifa ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini yaliafikiana kwamba uchafuzi wa meli za safari za kimataifa ukomeshwe ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Utimizaji wa ahadi hiyo ndio utakaotuambia kama betri ilikuwa hatua au blanketi.

Nawe, msomaji, usicheke tena upesi. Matatu uliyopanda juzi ilikwenda kwa mafuta, na mafuta hayo yalichimbwa na watu usiowajua kwa ajili yako na yangu. Sote tumo katika zizi lile. Basi usijiulize tu leo umewaacha mbuzi wangapi. Jiulize kesho utawaacha wangapi zaidi.