Nani Aliweka Mwisho?

Kama una gari la rimoti la kuparamia mawe, huu ugonjwa unaujua: usukani haukunji vya kutosha. Gari linafika kwenye jiwe, unazungusha rimoti mpaka basi, na magurudumu yanageuka kidogo tu, kama ngamia aliyekataa kamba. Langu nimelipitisha kwenye mawe ya Bute, Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia. Huko ndiko nilianza kujiuliza jambo lisilo la gari peke yake: ukiambiwa hapa ndipo mwisho wako, una haki ya kuuliza nani aliuweka?

Kinachogeuza magurudumu ni sevo, mota ndogo inayotii mapigo ya umeme. Pigo la maikrosekunde 1500 ni kama kuambiwa kaa katikati. Kwa kawaida 1000 ni mwisho wa upande mmoja, 2000 ni mwisho wa upande wa pili. Lakini sevo nyingi zinakubali kuanzia 500 hadi 2500, na zinageuka karibu nyuzi 180. Kwa hivyo huo mwisho wa kwanza ni desturi tu. Kuna mtu aliuweka, na rimoti nyingi zinakuruhusu kuusogeza.

Kuna mwisho mwingine. Kipande kinachoshika gurudumu kwenye ekseli hugeuka mpaka kikagonga chuma. Ukiongeza pigo baada ya hapo, gurudumu haliendi popote. Sevo inasukuma bure, inanguruma, inavuta umeme mwingi, inapata joto, na mwishowe inaungua.

Utajuaje umefikia mwisho upi? Fungua tairodi, kisha geuza gurudumu kwa mkono. Likienda mbali kuliko sevo ilivyolipeleka, mwisho ulikuwa wa kuwekwa. Likigonga chuma, huo ni wa kweli.

Kaskazini mwa Kenya haikufunguliwa tairodi. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliosema pesa za maendeleo ziende kule zitakakozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Eneo lisilo na barabara likanyimwa barabara kwa sababu halina barabara. Jua halikuhesabiwa kuwa mali. Mwaka 2019 mtambo wa umeme wa jua wa takriban megawati 50 ulizinduliwa Garissa, chini ya jua lilelile.

Ama chukua kitambulisho. Kwa miongo, kijana wa Wajir, Mandera au Garissa aliyekiomba alipitia kamati ya msasa ambayo mwenzake wa Nyeri hakuijua. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitangaza kuondolewa kwa msasa huo wa ziada. Kama tamko moja linaweza kuuondoa, basi haukuwahi kuwa chuma. Lakini kuna waliozeeka wakidhani ni chuma.

Hapo ndipo naona dhambi ya kuchanganya miisho hii miwili. Nilipoacha chuo, watu waliniambia uwezo wangu umefika mwisho. Kilichokuwa kimeisha ni karo. Mtu akiambiwa jambo hilo kwa miaka, anaacha hata kujaribu kugeuza gurudumu kwa mkono.

Ila sitaki kuwa mhubiri wa "hakuna lisilowezekana". Hao nao wanaunguza watu. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na mifugo ikafa. Mfugaji aliyepoteza kundi lake hakukosa bidii. Kumwambia aongeze juhudi ni kuongeza pigo kwa sevo iliyokwishagonga chuma. Vivyo hivyo kwa msee wa Nairobi anayefanya kazi tatu na bado anaambiwa halali vya kutosha. Ukisikia mngurumo, acha kusukuma.

Kuna njia ya tatu, ambayo mafundi wanaijua: weka mkono mrefu zaidi kwenye sevo. Nyuzi ni zilezile, lakini tairodi inasafiri mbali zaidi. Tatizo ni kwamba ukirefusha mkono mara mbili, nguvu inayofika kwenye tairodi inabaki nusu. Gari linakunja vizuri hewani, kisha linashindwa likibanwa kati ya mawe. Upana umelipiwa kwa nguvu.

Kwa hiyo swali la nani aliweka mwisho halitoshi. Tukishaujua, na tukausogeza, bado lazima tuulize nguvu inatoka kwa nani. Barabara ikifika Bute kwa kula malisho ya mtu, huyo mtu amelipa. Aulizwe kabla, si baada ya lami kukauka.