AKILI ILIYOJERUHIWA: JE, MWENYEWE HULAUMIWA?

Tumeulizwa swali na ndugu wa Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, nasi twalijibu hapa kwa kuwa jambo hili limo katika majumba yetu ya pwani pia.

Nduguye alikuwa akiendesha bodaboda, mtu mpole mwenye kuswali jamaa. Alianguka bila ya helmeti, kichwa kikapiga lami. Jeraha likafunga, watu wakasema amepona. Baada ya miezi akawa mtu mwingine: hulia bila ya sababu, halali, husahau, na hasira zikimpanda hutukana, hata amemtamkia mkewe talaka mbele ya watoto. Saa moja baadaye hujuta kama mtu mzima wa akili. Baadhi ya jamaa wasema ana jini, apungwe. Wengine wasema ni tabia yake iliyofichika, kwani alitendalo si analijua?

Ama watu wa ngoma na chetezo hatuna maneno mengi nao. Mtu ameanguka mchana, watu wamuona, nao sababu waitafuta kuzimuni!

Neno la hawa wa pili ndilo zito. Naam, analijua. Lakini je, kujua peke yake ndiyo akili? Neno hili kwa Kiarabu lina asili moja na jina la kamba afungwayo ngamia asitoroke. Basi akili ni kile kimzuiacho mtu pia, si kile kimjulishacho tu. Na matabibu wasema sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ina kazi kubwa katika kuzuia huko. Ikiumia, mtu aweza kubaki na elimu yake yote na kamba imekatika. Hata ile huzuni yake yaweza kuwa ni katika jeraha lile lile, wala si upungufu wa imani.

Imepokewa kwamba zama za Sayyidna Umar (r.a.) mtu alipigwa jiwe la kichwa, akapotewa na kusikia, na kusema, na akili, na nguvu za kiume, akahukumiwa dia nne naye yu hai. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameiwekea akili iliyoondolewa dia kamili. Sisi mguu wa mtu ukivunjika twamchangia. Akili ikivunjika twamsengenya.

Hatusemi kwamba amesamehewa kila kitu. Ana saa za uzima, na katika saa hizo imemlazimu akubali dawa, asipande tena pikipiki, na aondoke nyumbani aonapo hasira zaja. Kupambanua saa hizo si kazi ya jirani. Hospitali ya rufaa ya Moi iko hapo hapo Eldoret, na matabibu wa maradhi ya akili wamo, apelekwe kwao.

Ama ile talaka isihukumiwe barazani. Waende kwa Kadhi, mume na mke, pamoja na walioshuhudia na barua ya tabibu, aangalie hali yake ilikuwaje alipoitamka. Na mke asilazimishwe kukaa apigwe kwa hoja ya kuwa mume ni mgonjwa. Akae kwao na wanawe mpaka hali itengenee, na haki ya matumizi yake asinyimwe kwa hilo. Wallahu aalam.