Babu Aliyevaa Kaptula ya Shule

Maandiko: Yoshua 14:6-14, Zaburi 71:17-18, Matendo 17:10-12

Leo nataka tumkumbuke babu mmoja. Wengine wetu tungemwita guka, wengine kuka, wengine kwaro. Hakuwa mchungaji, wala hakuwa wa dhehebu letu, lakini maisha yake yanatuhubiria mpaka leo.

Jina lake ni Kimani Ng'ang'a Maruge. Tarehe 12 Januari 2004, akiwa na miaka 84, mzee huyu aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, kule Eldoret. Serikali ilikuwa imeanza elimu ya msingi bila malipo mwaka uliotangulia, naye akaona hata yeye yumo. Wakenya wengi bado tunaikumbuka ile picha yake: mzee mzima, kaptula ya shule, soksi ndefu hadi magotini, ameketi katikati ya watoto wadogo na kitabu mbele yake. Alikuwa na wajukuu 30, na wawili kati yao walisoma katika shule hiyo hiyo. Hebu fikiria, mtoto yuko mstarini asubuhi, akigeuka anamwona babu yake naye yuko mstarini!

Sasa sikiliza sababu yake. Alisema anataka kujua hesabu ili asidanganywe kwa pesa. Na alisema anataka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba wahubiri wanafuata yaliyoandikwa. Hapo sisi wahubiri tukae kimya kidogo. Mzee alivaa kaptula ili ahakikishe kama tunasema kweli!

Tujifunze mambo matatu.

1. Mzee bado ana mlima wa kuomba

Kalebu alikuwa na miaka 40 alipotumwa kuipeleleza nchi. Miaka 45 baadaye, akiwa na 85, anasimama mbele ya Yoshua. Wewe na mimi tungesema, mzee sasa apewe kipande cha bondeni, karibu na maji, apumzike. Kalebu akakataa. Aliomba mlima, tena mlima wenye majitu na miji yenye ngome. Alisema nguvu zake ni zile zile za siku aliyotumwa na Musa. Akapewa Hebroni.

Maruge naye alikuwa na haki ya kupumzika. Alikuwa mpiganaji wa Mau Mau. Angeweza kukaa kwenye kigoda chake na kusimulia vita hadi kufa kwake, na hakuna mtu angemlaumu. Lakini aliuona mlima mwingine, mlima wa a, e, i, o, u, akaupanda. Mwaka 2005 wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiranja mkuu. Septemba mwaka huo huo akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuuambia Umoja wa Mataifa kwamba mtoto maskini asome bila kulipa.

Wapendwa, kuna wazee hapa kanisani ambao tumewawekea viti vya nyuma na kuwasahau. Tunawaombea wafe vizuri, badala ya kuwauliza Mungu anataka wafanye nini bado. Mzee, shosho, kama unasikia, mwambie Mungu: bado mimi niko, nionyeshe mlima wangu.

2. Neno ulisome mwenyewe

Wayahudi wa Beroya walimsikiliza Paulo, mtume mzima, halafu wakaenda kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama anayosema ni kweli. Biblia haikuwaita waasi kwa sababu hiyo. Iliwasifu.

Ndugu zangu, hili si jambo la mchezo. Mwaka 2023 nchi hii ilifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kulikuwa na watoto wengi. Manusura walieleza jinsi watu walivyofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Na si kwamba wote hawakujua kusoma. Kujua kusoma ni kitu kimoja, kufungua kitabu na kusoma ni kitu kingine.

Babu huyu alianza kujifunza herufi akiwa na miaka 84 kwa sababu hakutaka imani yake ikae mdomoni mwa mtu mwingine. Wewe kijana una Biblia nzima kwenye simu, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha ya mama yako. Bando unanunua. Lakini mstari wa mwisho uliousoma ni ule uliotumiwa na rafiki kwa WhatsApp. Mimi mchungaji wako nakuambia: ukitoka hapa, nenda nyumbani ufungue Yoshua 14 uone kama nimekudanganya. Ukikuta nimekosea, njoo uniambie. Sitakasirika.

Mwambie jirani yako: jisomee!

3. Wajukuu hufuata nyayo

Mtazame Aksa, binti ya Kalebu, katika Yoshua 15. Baba alipompa shamba lenye ukame, hakunung'unika pembeni. Alishuka kwenye punda akaomba chemchemi za maji, akapewa za juu na za chini. Ujasiri wa kuomba aliutoa wapi? Alimwona baba yake akiomba mlima. Na baadaye, kizazi kisichomjua Bwana kilipoinuka, mwamuzi wa kwanza ambaye Mungu alimtumia kuwaokoa Israeli alikuwa Othnieli, mume wa Aksa. Mzee alipoomba mlima, hakujua kwamba anaandaa mwokozi wa kizazi kingine.

Maruge aliwaachia nini wajukuu? Fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipofika Eldoret, mali yake iliibiwa na akajikuta kwenye hema la wakimbizi. Kutoka kwenye hema alikuwa akitembea kilomita 4 kwenda shuleni. Mzee wa karibu miaka 88! Baadaye alihamia Nairobi, akaishi katika nyumba ya wazee, na huko pia aliendelea na masomo. Mei 2009 alibatizwa, akachukua jina Stephen. Tarehe 14 Agosti mwaka huo huo saratani ya tumbo ikamchukua.

Angalia mpangilio huo. Alitafuta Neno, akalisoma, akabatizwa, akaenda. Mali iliibiwa, lakini kile alichokisoma hakuna aliyekiiba. Mjukuu anaweza kugombania shamba la babu mpaka mahakamani. Lakini mjukuu aliyemwona babu akitembea na daftari kutoka kwenye hema, huyo ana urithi usiohitaji hati.

Tufanye nini wiki hii?

Kama una babu au nyanya aliye hai, mpigie simu, au bora zaidi, nenda. Usimpelekee sukari na mkate tu. Muulize: Mungu alikutendea nini ukiwa na umri kama wangu? Halafu nyamaza usikilize. Mwandishi wa Zaburi 71 anamsihi Mungu asimwache katika uzee wake mpaka awaambie watoto wanaokuja habari za nguvu zake. Wazee wana jambo la kusema, ila sisi hatukai.

Kama mzee wako hawezi kusoma, au macho yamechoka, msomee sura moja. Kama anataka kujifunza herufi, usimcheke. Na kama babu yako amelala, waambie watoto wako habari zake, pamoja na zile safari zake, ili wajue wametoka kwa watu waliothubutu.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa babu zetu na nyanya zetu. Wape wazee wetu mlima mpya na nguvu za kuupanda. Tupe njaa ya kulisoma Neno lako sisi wenyewe, mtu asitupoteze. Na watoto wetu wakituangalia, waone nyayo zinazoelekea kwako. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.