Pumzi ya Watu

Wanyakyusa wa Rungwe, ambao nchi yao ya migomba na mvua imo katika mkoa wa Mbeya, walikuwa na itikadi kwamba mtu akivunja adili, akamdharau baba yake au akawanyima jirani zake haki ya ujirani, jirani hao humnung'unikia usiku, na manung'uniko yao humwendea kama upepo wa baridi hata akaugua. Hiyo ndiyo pumzi ya watu, na aliyeieleza kwa urefu ni Monica Wilson, mwanazuoni wa Afrika ya Kusini aliyekaa huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, kisha akatoa kitabu chake Good Company mwaka 1951. Naifikiri sana itikadi hiyo, maana ndani yake mna swali zito: neno la pembeni, lisilo mhuri wala saini, ambalo mtaalamu wa jamii huliokota sokoni, kilabuni na msibani, lina ithibati gani, na ni nani aliyemruhusu kulichukua?

Wako wanaolikataa katakata, wakisema kwamba elimu hujengwa juu ya nyaraka. Hao na watazame habari ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa, ambaye serikali ya Kijerumani ilitangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, na ambaye sajini Merkl alimkuta amekwisha kujiua mwezi wa Julai, 1898. Merkl aliandika taarifa, na taarifa hiyo leo ni waraka wa kuheshimiwa. Lakini aliyemwelekeza ni kijana aliyekamatwa njiani, na maneno ya kijana yule, aliyoyatoa kwa hofu, ndiyo yaliyovalishwa joho la serikali. Alison Redmayne, alipoandika juu ya vita vya Wahehe mwaka 1968, hakutosheka na joho hilo, bali aliwasikiliza na wazee.

Wanazuoni wa hadithi walikwisha kulikabili jambo hili karne nyingi kabla ya vyuo vikuu vyetu. Imamu Bukhari na wenziwe hawakuuliza tu nini kimesemwa, bali nani alikisikia kwa nani, je, walikutana, na je, hifadhi yake na uaminifu wake vilijulikana. Tena katika Suratul Hujurat aya ya 6 inaamrisha kuichunguza habari iletwayo na fasiki, na aya ya 12 inakataza upelelezi na kusengenyana. Aghalabu sisi watafiti huishika ile ya kwanza kwa mikono miwili, na ile ya pili tukaipita kama hatukuiona.

Siku moja nilikaa barazani kwa bibi mmoja karibu na Tukuyu, akichambua maharage katika ungo. Nilipotoa daftari, vidole vyake vilisita, akanijibu kwa adabu na ufupi, kama anayemjibu karani wa kodi. Nikalifunga. Mvua ikatuzuia, na yeye, akirudi kwenye ungo wake, akaanza bila kuulizwa kadhia ya shamba la yatima mmoja wa ukoo wao: nani alilitwaa, nani alinyamaza, na kijiji kilinong'ona nini. Saa moja ile ilinifunza mirathi ya nchi ile kuliko majuma mawili ya maswali yangu. Lakini hakuwa akimwambia mtafiti; alikuwa akimwambia kijana aliyezuiliwa na mvua.

Ilipoanuka nikamwuliza kama ningeweza kuyaandika.

“Ya zamani andika, mjukuu wangu,” akasema. “Ya shamba yana watu hai.”

Kwa hiyo katika taarifa yangu sura ya mirathi ina pengo. Msomaji mmoja mwenye elimu nyingi aliliona mara moja akanilaumu, na lawama yake niliipokea bila kumweleza sababu.