Kundi la Mahomugadi
Somo la Mau Mau niliwagawia Kidato cha Tatu: kundi moja wapiganaji wa msituni, jingine mahomugadi, la tatu wafungwa wa Hola, ambako 11 walipigwa hadi kufa Machi 1959. Kila kundi lifundishe wenzao.

Msichana mmoja akanifuata nje. “Mwalimu, nihamishe. Babu yake mama alikuwa homugadi.”

Nimhamishe? Kundi lile likinyamaza, darasa zima linabaki na historia nusu. Lakini mimi ni nani nimtwike mtoto aibu ya wazee? Nikamwambia achague mwenyewe.

Alibaki. Alipoongea, hakuna aliyecheka. Jameni, kufundishana si kugawana kazi tu. Kwanza tuahidiane kwamba anayesema ukweli hatabaki peke yake.