Kuweka Chakula: Hadhari au Uchoyo?

Ndugu yetu mmoja mwenye duka huko Sotik, katika nchi ya majani chai, ametuuliza: Mtu akikausha chakula nyumbani mwake na kukiweka miaka mingi kwa kuogopa njaa, je, hiyo ni hadhari au ni upungufu wa tawakkul? Nalo jirani akibisha hodi, yampasa kumfungulia?

Sababu ya swali lake ni chombo kinachouzwa siku hizi. Chombo hicho hugandisha chakula kama barafu, kisha hewa ikatolewa ndani yake, na ile barafu ikageuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza. Chakula hubaki kikavu na chepesi, na kikifungwa kisiingie hewa wala unyevu hukaa miaka mingi.

Jambo hili kwa asili yake si geni. Sisi watu wa pwani twamjua ng'onda, samaki apasuliwaye akatiwa chumvi na kuanikwa juani. Wakipsigis wa Sotik nao huyatia maziwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, yakawa mursik, yakakaa majuma mengi. Na mwenye kupuuza unyevu huangamia: mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yaliyowekwa hayajakauka yaliota ukungu wenye sumu, wakafa watu 125.

Wala hofu ya mwulizaji si ya bure. Vilima vya huko ni kijani, lakini majani chai hayashibishi. Mwaka 2011 maradhi makali ya mahindi yalionekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya katika Bomet hiyo hiyo, mimea ikakauka kabla ya kuzaa.

Ama jawabu letu, kuweka akiba hakupingani na tawakkul. Nabii Yusuf (a.s.) aliagiza nafaka ya miaka ya neema iwekwe katika masuke yake kwa ajili ya miaka ya ukame. Na Mtume wetu (s.a.w.) aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka.

Lakini tazameni habari ya nyama ya udhiya. Mwaka mmoja Mtume alikataza isiwekwe zaidi ya siku tatu, kwa kuwa mafakiri wa mabarani walikuja Madina na njaa. Mwaka uliofuata akaruhusu watu wale, waweke na watoe sadaka. Nyama ilikuwa ile ile. Iliyobadilika ni hali ya jirani.

Basi ewe ndugu, kausha na uweke. Ila usifiche bidhaa ya dukani ukingojea bei ipande, kwani hiyo ni ihtikari, nayo imekatazwa. Na siku jirani yako, akiwa Mwislamu au si Mwislamu, atakapobisha hodi na watoto wenye njaa, mfungulie. Utasema: Wanangu je? Anza nao, hapana lawama. Lakini usiihesabu njaa ya miaka ishirini ijayo mbele ya mtu mwenye njaa ya leo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Tuchunge isiozeshe nyoyo zetu.

Wallahu aalam.