Kumhifadhi Si Kumficha

Ndugu zetu, katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe wamo watu wazima wenye ulemavu wa akili wasiojulikana ila na wazazi wao. Hulishwa na kuvishwa, lakini mlango wa ua ndio mwisho wa dunia yao. Tukiulizwa, twasema: twamhifadhi.

Je, kumhifadhi mtu ni kumficha? Sura An-Nisaa, aya ya 5, yaamrisha kwa wasioweza kusimamia mali mambo matatu: walishwe, wavishwe, na waambiwe maneno mema. Mawili yaweza kutimizwa nyuma ya mlango. La tatu lataka mtu akutane na wenzake. Tena mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, wampa haki ya kuishi kati ya watu.

Twaijua khofu ya mama: feri ya Likoni ina msongamano, na walimwengu wana maneno. Hapa ndipo ilipo thamani ya mlezi mzoefu. Asiyezoea humshika kijana mkono siku zote; mzoefu humshika leo, kesho humfuata nyuma, kisha humngoja ng'ambo.

Na mzazi hana umri wa Nuhu. Siku atakapozikwa, aliyefichwa atakuwa mgeni katika mtaa aliozaliwa. Basi tuanze Ijumaa hii: aje msikitini na mlezi wake, nasi tumpe nafasi safuni, tumwamkue kwa jina lake.